Poda za amino asidi za kulinda moyo: elfu themanini na tano, na dagaa tunao Mwaloni?

#1 MwaloniKirumba (mwanzisha uzi)
Mwangaluka wakuu.

Shemeji yangu yuko Buzuruga, miaka hamsini na kitu, presha anayo. Wiki hii kaja nyumbani na kopo la poda kutoka duka la virutubisho mjini, kalipa elfu themanini na tano bila hata kuomba apunguziwe. Nyuma wameandika taurini, arginini na asetilisisteini. Muuzaji kamhakikishia kwamba hizo ni amino asidi na kazi yake ni kukinga seli za moyo "zisiliwe na oksijeni".

Mimi ni muuza dagaa hapa soko la Mwaloni, Mwanza, biolojia niliiacha form four. Ninachojua amino asidi ndizo zinazojenga protini, na protini naipima kwa kisado kila asubuhi. Naomba mnisaidie: oksijeni si ndiyo tunayovuta, inamlaje mtu moyo? Na hizo amino asidi zina nini ambacho dagaa hana? Nina haraka kidogo maana jamaa anasema poda ikimkolea anaacha vidonge vya presha.

#2 KigodaMkononi
Nimeshakaa. Wataalamu waje.

#3 SatoMchemsho
Elfu themanini na tano! Hiyo hela unanunua dagaa mpaka wageni wanachoka wenyewe na kuaga.

#4 Maabara_Nyegezi
Naanza na oksijeni.

Moyo unapiga kama mara laki moja kwa siku, na nishati yake karibu yote inatoka kwenye mitokondria, vile vijumba vya kuzalisha nishati ndani ya seli. Ndani ya seli ya misuli ya moyo, mitokondria peke yake imechukua kama theluthi moja ya nafasi. Humo elektroni zinapokezanwa hatua kwa hatua hadi kwenye oksijeni, na mwisho wa safari ni maji. Tatizo ni zile zinazochoropoka njiani. Oksijeni ikidaka elektroni moja tu badala ya kupewa zote nne, inageuka superoksidi, kitu chenye fujo. Kimeng'enya kimoja kinaibadilisha kuwa haidrojeni peroksidi, ileile ya kusafishia vidonda, halafu vingine vinaimalizia kuwa maji. Uzalishaji ukizidi kasi ya kusafisha, ndipo mafuta ya utando wa seli, protini na hata DNA vinaanza kuharibika.

Na wewe mkuu jambo hili umeshaliona kwa macho. Dagaa akikaa sana si anageuka manjano na harufu inabadilika? Oksijeni imeingia kwenye mafuta yake. Mafuta ya utando wa seli ya moyo yanaharibika kwa kemia hiyohiyo, ila seli hai ina namna ya kujitetea.

Kwa nini moyo ndio unaumia zaidi: seli zake hazizaliwi ovyo. Mwaka 2009 watafiti wa Sweden walipima umri wa seli kwa kaboni-14 iliyosambaa angani kwa majaribio ya mabomu ya nyuklia, wakakuta mtu wa miaka 25 hubadilisha kama asilimia 1 tu ya seli za misuli ya moyo kwa mwaka, na uzeeni inashuka chini ya nusu asilimia. Ini likikatwa linaota tena. Moyo hauna bahati hiyo.

#5 BodaIgoma
Kwa hiyo hizi energy ninazopiga usiku pale stendi ya Nyegezi zinanilinda? Kopo limeandikwa taurini kabisa, herufi kubwa.

#6 Sista_Ilemela
Kaka Boda, kopo la mililita 250 mara nyingi lina gramu 1 ya taurini, ni kweli, na hiyo ni zaidi ya anayopata mtu wa kawaida kwa chakula cha siku nzima. Lakini humohumo kuna miligramu 80 za kafeini na sukari ya kutosha chai ya familia. Hayo mapigo yanayokwenda mbio saa nane usiku si ya taurini. Unakunywa ngapi?

#7 BodaIgoma
Inategemea na abiria 😂

#8 MwalimuWaKemia
#1, hapo kwenye "naipima kwa kisado" nakurekebisha. Taurini haijengi protini. Kwenye amino asidi za kujenga protini kuna kikundi cha kaboksili, yenyewe mahali hapo ina kikundi cha salfa, kwa hiyo hailingani na mnyororo wowote wa protini. Inakaa huru ndani ya seli, na moyo ni mojawapo ya sehemu zenye taurini nyingi kabisa mwilini. Waliigundua Wajerumani wawili, Tiedemann na Gmelin, mwaka 1827, kwenye nyongo ya ng'ombe.

Ndiyo maana kiasi cha protini hakikuambii kiasi cha taurini. Maharage yana protini tele, taurini karibu hakuna. Samaki, dagaa, nyama na paja la kuku zinayo. Ini letu nalo linatengeneza kidogo kutokana na sisteini.

Ushahidi mzito kwamba moyo unaihitaji ulitoka kwa paka. Wao hawawezi kujitengenezea ya kutosha. Mwaka 1987 kule Marekani, Pion na wenzake walionyesha kwamba paka waliokula chakula cha kiwandani chenye taurini pungufu walitanuka mioyo ikalegea, na wengi walipopewa taurini mioyo ikarudi kufanya kazi.

#9 SatoMchemsho
Paka wa Mwaloni basi wataishi mpaka watuzike. Vichwa vya sangara asubuhi, dagaa mchana, na hawajawahi kununua kopo.

#10 MamaChanja
Naomba niulize kama mwanamke wa jikoni. Dagaa aliyeanikwa mchangani lazima umloweke, umfikiche, umwage maji, urudie tena mpaka yale maji ya kijivu yatakate na mchanga ubaki chini ya sufuria. Wengine wanamchemsha kabisa kwanza na kumwaga maji ili uchungu upungue. Aliyeanikwa kwenye chanja unampangusa tu unaingiza chunguni na nyanya zako. Sasa hiyo taurini mnayoisema inabaki kwa yupi?

#11 Maabara_Nyegezi
Mama, taurini inayeyuka kwenye maji. Anayechemsha na kumwaga anaimwaga sehemu yake kubwa pamoja na hayo maji. Kuosha haraka kwa maji baridi hakupotezi sana. Ukipika na mchuzi ukanywewa, imebaki.

#12 MamaChanja
Kila siku nawaambia wateja bei ya chanja ina sababu, wananiona mroho. Wabeja sana.

#13 KamongoMbishi
Nimesoma kimya mpaka hapa. Mnaizungumzia taurini kana kwamba inadaka superoksidi yenyewe. Haidaki, au inadaka kwa unyonge sana. Inachodaka vizuri ni asidi ya haipoklorasi, ile sumu ambayo seli nyeupe za damu zinatoa zikipigana na wadudu. Inaigeuza kuwa kitu kipole zaidi.

Ndani ya moyo, maelezo yanayonishawishi ni tofauti. Kuna RNA za mitokondria, molekuli zinazosaidia kutengeneza protini, ambazo taurini inabandikwa juu yake. Kibandiko hicho kikikosekana, protini iitwayo ND6, iliyoko kwenye hatua ya kwanza kabisa ya ule mnyororo aliousema #4, haitengenezwi vizuri. Mnyororo unadorora, elektroni zinachoropoka zaidi. Taurini basi inaziba pa kuvujia, haifuti kilichokwisha kuvuja. Muuzaji akikwambia "inaua sumu" ujue hajui anachouza.

#14 MwalimuWaKemia
Na kwa nini basi wanyama wa maabara wakipewa taurini glutathioni yao, ile inayolinda seli dhidi ya uharibifu wa oksijeni, inapanda?

#15 KamongoMbishi
Kwa sababu uvujaji umepungua, kwa hiyo haitumiki sana. Iko wazi.

#16 MwalimuWaKemia
Au kwa sababu sisteini iliyokuwa igeuzwe taurini imebaki, ikaenda kutengeneza glutathioni. Hapo hujanijibu, umechagua tu jibu unalolipenda.

#17 DadaFamasia_Kitangiri
Mmefika kwenye glutathioni, kwa maoni yangu mmechelewa. Mlinzi mkuu ndani ya seli ndiye huyo. Anatengenezwa kwa amino asidi tatu: glutamati, sisteini na glisini. Mara nyingi inayopungukiwa ni sisteini, yenye salfa. Glutathioni ndiyo inayotumika kuivunja ile haidrojeni peroksidi, kwa msaada wa kimeng'enya chenye seleniamu. Mjue seleniamu nayo si mzaha. Kule Keshan, kaskazini-mashariki mwa China, watu walikuwa wanakufa kwa moyo uliolegea, ugonjwa ukajulikana kuanzia mwaka 1935, na baadaye ikaonekana udongo na nafaka zao hazikuwa na seleniamu. Samaki wanayo.

Hiyo asetilisisteini ya kwenye kopo la shemeji, ambayo mwilini inageuka sisteini, ni dawa halali hospitalini. Mtu aliyemeza parasetamoli kupita kiasi anapewa hiyo, kwa sababu glutathioni ya ini imemwishia. Kwa hiyo #13 usiseme kopo lote ni uongo.

#18 BodaIgoma
Dada, glutathioni si ndiyo zile dripu za kung'arisha rangi?

#19 DadaFamasia_Kitangiri
Molekuli ndiyo hiyohiyo. Usiende kuitafuta. Na ya vidonge ukimeza, tumboni inakatwakatwa na kurudi kuwa amino asidi zake, nyingi yake haifiki ikiwa nzima.

#20 SatoMchemsho
Kumbe wadada wa Rock City, Mwanza yetu hii, walikuwa wanatunza moyo, sisi tunawasema bure.

#21 MkereweHalisi
Nyie wote mnahesabu kinachoingia, hakuna anayehesabu kinachotoka. Sisi huku visiwani chakula chetu ni ugali wa udaga, yaani muhogo uliovundikwa na kuanikwa. Muhogo mchungu una sianidi. Ukivundikwa na kuanikwa vizuri sianidi inatoka, ukiharakishwa inabaki. Mwili unaiondoaje iliyobaki? Unaipachika salfa inakuwa thiosayaneti, inatoka na mkojo. Salfa hiyo inatoka kwenye amino asidi zilezile, sisteini na methionini. Kwa hiyo mtu anayekula udaga wa haraka haraka bila samaki anatumia sisteini yake kufukuza sianidi, ya kutengeneza glutathioni inatoka wapi?

Hii si hadithi ya vijiweni. Tarime miaka ya 1980, wakati wa ukame, watu walikula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vizuri, wakapooza miguu. Ugonjwa unaitwa konzo, na upungufu wa amino asidi zenye salfa ulitajwa kama sehemu ya sababu. Wazee wetu hawakuweka dagaa pembeni ya udaga kwa bahati mbaya.

#22 KamongoMbishi
Konzo ni miguu, si moyo. Umeruka mtaro mzima hapo.

#23 MkereweHalisi
Sijasema konzo ni moyo. Nimesema mfuko wa salfa ni mmoja. Soma taratibu.

#24 Maabara_Nyegezi
Mkerewe kwenye kemia yuko sawa. Kwenye moyo ni dhana, ila ni dhana ambayo mtu anaweza kuipima, na mimi ningependa kuona imepimwa.

#25 Sista_Ilemela
Turudi kwa shemeji, maana naona tumemwacha njiani. Hapo kwenye ARGININI ndipo pananitia wasiwasi.

Arginini mwili unaigeuza kuwa naitriki oksidi, gesi inayolegeza mishipa. Waliofafanua kazi ya gesi hiyo, Furchgott, Ignarro na Murad, walipewa Nobel mwaka 1998, na wauza poda wakapata tangazo la bure. Lakini mwaka 2006 yalitoka majaribio ya Marekani: wagonjwa 153 waliotoka kupata shambulio la moyo, nusu wakapewa arginini, nusu poda ya bandia, juu ya dawa zao za kawaida. Moyo haukuimarika. Na wale wa arginini walikufa sita, wa bandia hakufa hata mmoja. Majaribio yakasitishwa.

Maelezo mojawapo ni kwamba kimeng'enya kinachotengeneza naitriki oksidi kinahitaji msaidizi wake. Kwenye mishipa iliyochoka msaidizi huyo anapungua, na hapo kimeng'enya kilekile kinaanza kutoa superoksidi. Unalisha kiwanda kilichoharibika. Kama shemeji aliwahi kupata shambulio la moyo, hilo kopo asiliguse bila daktari wake kujua.

#26 MwaloniKirumba
Sista umenitisha. Shambulio hajawahi, ni presha tu kwa tunavyojua. Nimempigia simu anasema "ninyi wauza dagaa mna wivu wa biashara".

#27 MwalimuWaKemia
Sita dhidi ya sifuri kwenye kundi dogo inaweza kuwa bahati mbaya pia. Watafiti wenyewe walisema wazi kwamba haishauriwi baada ya shambulio, hilo sipingi. Ila maelezo ya "kiwanda" ni mojawapo tu.

#28 Sista_Ilemela
Mwalimu, bahati mbaya ya watu sita mimi naiheshimu.

#29 Nyamagana_Kwetu
Nachangia kwa lililotukuta. Mama yangu mdogo alitibiwa saratani ya titi, na moja ya dawa alizowekewa ilikuwa ile nyekundu, doksorubisini. Kabla ya kuanza walimpima moyo kwa eko, kile kipimo cha picha ya moyo, na katikati wakapima tena, sisi tukashangaa saratani ya titi na moyo wapi na wapi. Daktari akatueleza dawa hiyo ikikutana na chuma ndani ya seli inazalisha radikali, yaani vitu vyenye fujo kama ile superoksidi, na moyo ndio unaoumia, kwa hiyo kila mtu ana kiwango cha jumla asichopaswa kuvuka maisha yake yote. Nguvu ya moyo ilishuka kidogo wakambadilishia. Sasa hivi yuko salama, anapanda kilima cha Bugando kwa miguu kwenda kliniki na kunisubiri juu.

Nilimuuliza yule daktari kuhusu virutubisho. Akasema kwa panya taurini na asetilisisteini zimeonekana kukinga moyo na dawa hiyo, lakini dawa ya kukinga inayotumika kwa binadamu ni deksrazoksani, na inavyofanya kazi si amino asidi kabisa.

#30 MzeeHaamini
Hapo mwisho ndipo penye neno: kwa panya. Mimi nimezeeka nikiona haya. Kwanza ilikuwa vitamini E. Kila mtu anameza. Mwaka 2000 wakatoa majaribio ya HOPE, zaidi ya watu 9,000, yuniti 400 kila siku kwa miaka minne na zaidi, moyo haukufaidika kitu. Ikaja homosisteini, nayo ni amino asidi, wakasema ikiwa juu inaharibu mishipa. Wakaishusha kwa vitamini B, ikashuka kweli, mashambulio ya moyo yakabaki palepale. Mwaka 2023 taurini ikawa dawa ya uzee, panya wameishi muda mrefu zaidi, dunia nzima ikachangamka. Mwaka 2025 wengine wakapima watu wakakuta taurini haishuki na umri kama ilivyodaiwa, kwa wengine inapanda. Nipeni kitu cha kushika, si kopo.

#31 KamongoMbishi
Mzee unachanganya. Vitamini E inafuta kilichovuja. Mimi tangu #13 nasema taurini inaziba. Kushindwa kwa moja si kushindwa kwa nyingine. Japani taurini imeruhusiwa kama dawa ya moyo uliochoka tangu miaka ya 1980. Na China mwaka 2016 watu 120 wenye presha iliyoanza kupanda walipewa gramu 1.6 kwa siku kwa wiki 12, namba ya juu ya presha ikashuka kama 7.

#32 MzeeHaamini
Watu 120. Harusi ya Sengerema ina watu wengi kuliko hao.

#33 Sista_Ilemela
😂 Mzee! Lakini Kamongo, presha "iliyoanza kupanda" si ya shemeji. Kushuka 7 kwa mtu mwenye 170 bado yuko hatarini. Na hospitalini, mlangoni kwetu, wanaokuja wamevimba miguu na kukosa pumzi usiku, wengi ni presha isiyotibiwa. Moyo unaosukuma dhidi ya presha kubwa unanenepa, unahitaji oksijeni zaidi, na elektroni zinachoropoka zaidi. Kidonge cha presha ni kinga ya moyo dhidi ya hiyo hiyo oksijeni, tena cha bei ndogo. Hakina tangazo tu.

Na kwa mwanzisha uzi: wale dagaa wako wa chumvi usimpelekee.

#34 MwaloniKirumba
Mrejesho wakuu. Nimemchukua Jumanne nikampeleka zahanati, wakampima: 168 kwa 104. Kumbe vidonge alikuwa anaruka tangu aliponunua kopo. Kaambiwa arudie dozi na aje tena kupimwa. Kopo hajalitupa, kalihamishia kabatini, anasema daktari "hajasoma mambo mapya". Mke wake ndiye anashika vidonge sasa. Asanteni.

#35 DadaFamasia_Kitangiri
Mwambie akirudi zahanati aende nalo hilo kopo wasome vilivyoandikwa. Arginini na dawa za presha vyote vinaweza kushusha, akivichanganya kimyakimya anaweza kuanguka bafuni.

#36 BodaIgoma
Nje ya mada kidogo: mbona dagaa wiki hii bei imechangamka?

#37 MwaloniKirumba
Mbalamwezi mkuu. Taa haina kazi ziwani, dagaa hawakusanyiki. Subiri giza lirudi.

#38 MkereweHalisi
Na wewe #22 nakusubiri kwenye udaga, hujanijibu mfuko wa salfa.

#39 KamongoMbishi
Mtu anayekula dagaa kila siku mfuko wake haupungukiwi, kwa hiyo hoja yako inakufa hapohapo ulipoizalia.

#40 MkereweHalisi
Na asiyepata dagaa kila siku? Wengi wa kijijini kwetu wanawauza, hawawali.

#41 BodaIgoma
Swali la mwisho naenda kazini. Dagaa wa kukaanga, wale wa pakiti, hawamwagwi maji. Si ndio bora zaidi?

#42 Maabara_Nyegezi
Taurini inabaki, ndiyo. Ila muulize mkaangaji mafuta hayo ameyarudia mara ngapi. Mafuta yaliyochemka siku nzima jikoni yanakuja na peroksidi zake mwenyewe.

#43 MamaChanja
Wangu mafuta nabadilisha. Karibu Igombe.

#44 SatoMchemsho
Mama nitumie mzigo wa nusu gunia, nauli ya daladala nalipa mimi.